Kidole Gumba, Plasta na Mswala

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa tiba ya viungo ameiva, usimwulize majina ya misuli. Mpe mtoto mchanga aliyezaliwa na mguu kifundo, ule uliojikunja kwa ndani hadi wayo ukautazama mguu wa pili, kisha angalia kidole gumba chake kinakwenda wapi. Asiyejua atakimbilia kisigino na kukivuta, au ataubana ukingo wa nje wa wayo na kuupinda kama anyooshaye fito. Anayejua atapapasa kwanza mbele kidogo ya jicho la mguu, upande wa nje, mpaka akute kibonge cha mfupa kilichochomoza chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha mfupa uitwao talasi. Ataegemeza gumba hapo bila kusukuma kwa nguvu, na kwa mkono wa pili ataupeleka wayo mzima nje, taratibu, kwa muda wa dakika moja hivi. Kisigino hakigusi. Kitafuata chenyewe.

Nauchambua ustadi huu kwa sababu safari yake nchini Uganda ndiyo mfano bora ninaoujua Afrika Mashariki wa ujuzi wa mikono uliotoka kwa mabingwa wachache ukawafikia watu wengi bila kuharibika njiani. Nami nautazama kutoka Kibuli, mojawapo ya vilima saba vya asili vya Kampala. Juu ya kilima hicho kuna msikiti, kuna Hospitali ya Waislamu ya Kibuli, na kuna Habib Medical School ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, ambayo wanafunzi wake wa udaktari hujifunzia katika wodi za hospitali hiyo. Kuna pia chuo cha polisi. Ukisimama nusu saa tu kando ya barabara inayopanda huko utauona umri wote wa binadamu ukipita: mtoto mgongoni, polisi wa gwaride, kijana wa boda boda, hajati mwenye mkongojo anayepumzika kila hatua kumi. Kwa mtu anayejifunza kuurudishia mwili uwezo wake, kilima hicho ni kitabu kilichofunguliwa.

Tuanze na mguu wa mtoto. Ignacio Ponseti, aliyezaliwa kisiwani Menorca mwaka 1914 na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliijenga njia yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa amewachunguza watu waliopasuliwa miguu hiyo utotoni, akakuta nyayo zimekakamaa na zinauma. Akarudi kwenye anatomia. Aligundua kwamba mifupa ya wayo haifunguki mmojammoja kama bawaba za mlango. Huzunguka pamoja, chini ya talasi. Ukiizuia talasi kwa gumba, mingine yote itageuka kuizunguka. Ukikamata kwingine, umeufunga mlango unaotaka kuufungua.

Kwa hiyo kuna mpangilio. Kwanza huinuliwa upande wa kidole gumba cha mguu ili upinde wa wayo ulegee, na hapo mguu huonekana kana kwamba unazidi kupinda, jambo linalowatisha wanafunzi wote kwa mara ya kwanza. Kisha wayo hupelekwa nje, kidogo kila wiki. Baada ya kila kunyoosha hufungwa plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kinena, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Plasta inayoishia chini ya goti huteleza, na mguu huzunguka ndani yake. Vidole huachwa wazi ili mama avibonyeze aone kama wekundu unarudi upesi. Wiki inayofuata plasta huloweshwa, huvuliwa, na kazi huanza upya. Kwa watoto wengi plasta tano au sita hutosha. Mwishoni hubaki kisigino kilichopanda juu, na kwa wengi wao kano ya nyuma ya kisigino hukatwa kwa ganzi ya mahali pale pale. Plasta ya mwisho hukaa wiki tatu, na katika wiki hizo kano huota upya ikiwa ndefu zaidi.

Samaki mkunje angali mbichi. Sijui methali nyingine iliyo sahihi kitabibu kama hii. Wayo wa mtoto mchanga bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, na kano zake hukubali kunyooshwa zikishikwa kwa upole na kupewa siku chache za kuzoea. Ukichelewa miaka, kazi iliyowezekana kwa plasta huweza kuhitaji kisu.

Sasa njoo Kampala. Kazi ya mguu kifundo kwa njia ya Ponseti ilianza Uganda mwaka 1999, wakati ambapo hata Amerika Kaskazini madaktari wengi walikuwa bado wanapasua. Miongoni mwa walioianzisha walikuwemo Shafique Pirani, daktari wa mifupa wa Kanada ambaye alizaliwa Uganda, na Norgrove Penny, Mkanada mwenzake aliyekuwa akifanya kazi nchini humo. Kwa upande wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala alikuwepo daktari Edward Naddumba. Hesabu iliyowakabili ilikuwa nzito. Uchunguzi wa Uganda ulikuta mguu kifundo kwa watoto 1.2 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Katika nchi ambamo huzaliwa watoto zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka, hao ni karibu 2,000, huku madaktari bingwa wa mifupa wakiwa wa kuhesabika na wengi wao wakiishi mjini.

Uamuzi uliobeba mengine yote ulikuwa kuitoa kazi mikononi mwa bingwa. Uganda ilikuwa na maofisa wa mifupa, watu wa stashahada waliozoea kufunga plasta kila siku katika hospitali za wilaya, na walikuwepo wataalamu wa tiba ya viungo. Mikono hiyo ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni namna ya kujua, kule wilayani ambako hakuna wa kuuliza, kama gumba limekaa mahali pake.

Hapo ndipo alama za Pirani zilipofanya kazi ambayo mafunzo peke yake yasingeifanya. Ni dalili sita za mguu: tatu za katikati ya wayo, tatu za nyuma. Kila moja hupewa 0, 0.5 au 1. Mguu mbaya kabisa una 6, mguu mzima una 0. Hakuna mashine wala eksirei. Ni jicho, gumba na penseli. Mfungaji plasta huandika namba kila wiki, na namba hizo zikiunganishwa huwa mstari unaoteremka. Usipoteremka, mguu wa mtoto hauna lawama: mkono ndio umekosea. Alama za katikati zikishuka karibu na sifuri huku za nyuma zikibaki juu, huo ndio wakati wa kano. Ofisa aliye peke yake mamia ya kilomita kutoka Mulago hupata msimamizi anayekaa kwenye karatasi.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wanapozungumzia mafunzo huhesabu semina. Semina humwonyesha mtu jambo likifanywa vizuri siku moja. Kipimo humwambia jambo linafanywa vibaya siku zote zinazofuata.

Sehemu ya tatu ilikuwa kiatu. Baada ya plasta mtoto huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, mguu uliokuwa umepinda ukielekezwa nje nyuzi 70. Miezi mitatu ya kwanza huvivaa saa 23 kwa siku, kisha usiku tu, hadi miaka minne. Mtoto asipovivaa, mguu hurudi ulikotoka. Viatu vya namna hiyo vilivyotengenezwa Ulaya na Marekani vilikuwa ghali kupita uwezo wa mzazi wa kijijini. Michiel Steenbeek, fundi wa vifaa vya kusaidia viungo kutoka Uholanzi, aliunda vya kwake katika nyumba ya watoto wenye ulemavu ya Katalemwa Cheshire Home, pembezoni mwa Kampala, kwa ngozi, chuma cha kawaida na zana ambazo fundi yeyote wa viatu anazifahamu. Kisiginoni aliacha tundu. Tundu hilo nalistaajabia kuliko chuma chenyewe: mama akichungulia akaona kisigino kimekaa chini, kiatu kimevaliwa sawa, asipokiona, afungue aanze tena. Kwa mara ya pili katika tiba hiyohiyo, kipimo kimewekwa mkononi mwa anayeifanya kazi.

Kampala, kwa kweli, haikuanzia sifuri. Katika miaka ya 1960 Ronald Huckstep, profesa wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Makerere, alikuta watoto wa polio wakitambaa, nyonga na magoti yao yamekakamaa kwa kukaa kwingi. Aliwanyoosha kwa upasuaji mdogo na plasta, akawatengenezea vyuma vya miguu papo hapo mjini kwa vifaa rahisi, akawasimamisha. Mwaka 1975 aliitoa njia hiyo kama kitabu cha mwongozo kwa nchi zinazoendelea. Kizazi cha Mulago kilichofuata kilijua tayari kwamba karakana ni sehemu ya hospitali.

Wizara ya Afya iliipitisha njia ya Ponseti kuwa tiba inayopendelewa katika hospitali zake, na somo lake likaingizwa katika mitaala ya vyuo vya udaktari na vya kada nyingine za afya. Bado kulikuwa na mashimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya sababu za wazazi kuacha tiba katikati haukukuta ukaidi. Ulikuta umbali, nauli, mashamba yanayongoja, na baba ambaye hajaelezwa kitu na hivyo hatoi pesa ya safari. Mtaalamu anayejifunza kufunga plasta bila kujifunza kuzungumza na baba huyo amejifunza nusu ya kazi.

Je, ustadi huu unasema nini kuhusu miili mingine inayopanda Kibuli?

Chukua goti la kijana wa boda boda aliyevunjika paja. Mfupa umeunga, jeraha limefunga, goti limegoma. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa watu wanaokaa kitini, na ndani yake goti linalokunjika nyuzi 110 limefuzu: linapanda ngazi na kuinuka kwenye sofa. Kibuli goti hilo halijafika. Kuchutama chooni kunadai zaidi. Kukaa tahiyatu, makalio juu ya visigino, kunadai zaidi ya nyuzi 130, na kifundo cha mguu na vidole vikunjike pia. Mwanafunzi akimaliza tiba kwenye 110 kwa kuwa kitabu kimesema, amemrudisha kijana nyumbani akiwa bado mgonjwa kwa maisha anayoishi. Kipimo sharti kitoke kwenye sakafu ya mgonjwa. Swali la kwanza la kumwuliza si "Unaumwa wapi?" tu. Ni "Nyumbani unakaa wapi, unajisaidia vipi, unaswali vipi?" Anayeketi juu ya mkeka kula na anayechutama shambani kupalilia wanahitaji pembe hizohizo, wawe Waislamu au la.

Hapo pia watu hudhani tiba ya viungo ni kukandwa. Wagonjwa huja wakitaka kuchuliwa, na familia hulipa kwa furaha zaidi kwa mikono inayosugua kuliko kwa mtu anayesema, "Haya, simama, kaa, simama tena." Kukanda kuna nafasi yake, lakini goti hilo litafunguliwa na mgonjwa mwenyewe, kidogo kila siku, na kazi ngumu ya mtaalamu ni kulikadiria hilo "kidogo": maumivu yanayotulia baada ya muda mfupi ni ya kawaida, goti lililovimba kesho yake limezidishiwa.

Kisha kiharusi, na hapa lazima nigombane na methali yangu. Samaki mkunje angali mbichi, lakini ubongo wa mtu wa miaka 65 si samaki mkavu. Jaribio la EXCITE lililochapishwa Marekani mwaka 2006 liliwachukua watu 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma. Baadhi yao walifunikwa mkono wenye nguvu kwa glavu nene karibu saa zote za kuwa macho, kwa wiki mbili, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi. Mkono dhaifu ulipata uwezo kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida. Ubongo ulikuwa umejifunza kutoutumia mkono ule. Ukafunzwa upya kuutumia.

Kwa upande wa pili, kuharakisha si dawa siku zote. Jaribio la AVERT la mwaka 2015, lenye wagonjwa 2,104 katika nchi tano, lilijaribu kuwasimamisha watu ndani ya saa 24 za kiharusi, mapema na kwa wingi. Waliopewa dozi hiyo kubwa walitoka vibaya kuliko waliopewa ya kawaida. Mtu aliyefunzwa kwamba "mapema ni bora" bila kufunzwa kiasi angeweza kumdhuru mgonjwa kwa bidii yake mwenyewe.

Jambo linalonikaa moyoni zaidi ni jaribio la India liitwalo ATTEND, la mwaka 2017. Wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14. Nusu yao, ndugu zao walifunzwa kuendesha tiba nyumbani. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti katika vifo wala utegemezi. Sisi tunaoamini katika familia tuliumia kusoma hivyo. Lakini ukilinganisha na Katalemwa, utaona kilichotofautiana. Mama wa mtoto wa mguu kifundo hakuambiwa awe mtaalamu. Alipewa kitu kimoja chenye mipaka, viatu usiku, na tundu la kumwonyesha amepatia au amekosea. Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi alipewa fani nzima: mkono, mguu, kukaa, kusimama, kutembea, na hakuna tundu la kuchungulia. Nadhani, na hii ni hukumu yangu, kwamba familia ziliwezeshwa kwa nia njema na kubebeshwa mzigo usio na kipimo.

Basi mwanafunzi ajifunze kukata. Aitazame kazi ya mgonjwa wake ajiulize kipande gani kibaki mkononi mwake na kipi kitolewe kikiwa kamili. Kwa bega la kiharusi, kwa mfano, kipande cha kutoa ni hiki: msimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea. Mkono huo unaning'inia kwenye bega ambalo misuli yake imelala. Ukivutwa, kichwa cha mfupa hushuka kutoka kwenye tundu lake na maumivu yanayofuata huweza kumwondolea mtu hamu ya mazoezi yote. Mkono wa msaidizi ukae nyuma, juu ya bapa la bega, na mwingine kwenye nyonga. Kipimo: akikunja uso wakati wa kuinuliwa, mkono wako uko pabaya. Hilo binti wa miaka 12 anaweza kulishika.

Tumchukue hajati wa mfano, mwenye miaka 68, aliyepata kiharusi cha upande wa kushoto miezi minne nyuma. Anatembea kwa mkongojo chumbani. Anaswali juu ya kiti, na dini yake imemruhusu: asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala. Ngazi hiyo ya ruhusa, ukiitazama kwa jicho la tiba, ni ngazi ya kupanda kurudi. Yeye anataka mswala. Sala si mazoezi, na mtaalamu asiifanye kuwa mazoezi. Lakini akijua sala za faradhi zina rakaa 17 na sijda 34, na kwamba mtu huinuka kutoka sakafuni hadi kusimama mara 17 kwa siku akizitimiza zote, ataelewa ukubwa wa kitu anachoombwa.

Hataanza na sakafu. Kushuka na kuinuka hufunzwa kuanzia mwisho wake. Kwanza hajati ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono, nyayo zote mbili zikibeba uzito, pua ikitangulia mbele ya vidole vya miguu kabla makalio hayajaachana na kiti. Kituo hicho kikitengemaa, kiti hubadilishwa kwa kigoda, kigoda kwa godoro lililokunjwa mara mbili, kisha godoro moja. Kwenye godoro hufunzwa kupiga goti moja, mguu wenye nguvu mbele, kwa kuwa huo ndio utakaosukuma. Mkono dhaifu huwekwa wazi juu ya kigoda kando yake, vidole vimetandazwa, nao ubebe chochote unachoweza. Mtaalamu hukaa upande wa kushoto, mkono kwenye nyonga, na huhesabu: leo ameinuka mara ngapi kabla goti halijaanza kutetemeka? Huandika namba hiyo kwenye daftari la binti anayemtunza hajati nyumbani. Kesho binti atahesabu mwenyewe. Ikishuka siku mbili mfululizo, apige simu.

Wiki ambayo godoro litaondolewa, mswala utatandikwa karibu na ukuta, kigoda kikiwa bado upande wa kushoto.